Malkia, Zimwi na Mponyaji: Wanawake wa Gemu za Fantasia na Ngano za Garissa

Mwanamke katika gemu za fantasia za kuigiza mhusika hupewa kazi chache zinazojirudia. Huwa mponyaji anayesimama nyuma ya wapiganaji, au malkia mchawi ambaye lazima apinduliwe, au binti mfalme aliyefungiwa ngomeni akisubiri mkombozi. Gemu hizi zimetungwa zaidi Marekani, Japani na Ulaya, lakini kijana wa Garissa anayezifungua kwenye simu yake hukutana humo na watu anaowajua tangu utotoni. Malkia katili na zimwi la kike wamesimuliwa katika nyumba za Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera vizazi vingi kabla ya skrini ya kwanza kuwashwa. Gemu na ngano zikiwekwa pamoja, huonekana jambo ambalo mabishano kuhusu mavazi ya wahusika hulifunika: uzito wa mhusika wa kike hupimwa kwa maamuzi anayoachiwa ayafanye, na kwa kiasi ambacho maamuzi hayo yanaigeuza hadithi.

Katika gemu ya kuigiza mhusika, mchezaji huchukua nafsi ya mtu mmoja ndani ya hadithi, akamkuza hatua kwa hatua, akampa silaha, ujuzi na marafiki, na kuamua aseme nini anapokutana na wengine. Chimbuko lake ni mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Humo kila mhusika huandikwa kwa tarakimu: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Kompyuta zilipoenea, tarakimu hizo zilihamia kwenye skrini, na hazijaondoka hadi leo.

Tarakimu hizo hazikumtendea mwanamke haki. Kitabu cha wachezaji cha toleo la juu la mchezo huo, kilichochapishwa mwaka 1978, kiliweka ukomo wa nguvu kwa wahusika wa kike. Mwanamume wa kibinadamu aliweza kufika kileleni kabisa. Mwanamke alisimamishwa njiani. Kwa jamii moja ya watu wafupi katika mchezo huo, mwanamume aliruhusiwa kufika 17, mwanamke 14. Sheria hiyo iliondolewa katika toleo la pili la mwaka 1989, lakini mazoea yaliyozaliwa nayo yalidumu. Wabunifu wengi waliendelea kumpa mwanamke upinde, dawa na uchawi, wakamwachia mwanamume upanga na ngao.

Aliyeiona familia ya wafugaji ikihama kati ya Dadaab na Mto Tana hatashawishika na kipimo hicho. Aqal, ile nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka, hujengwa na wanawake, na ni mali yao. Siku ya kuhama wao ndio wanaoibomoa, wakakunja mikeka, wakafunga fito juu ya ngamia, na kuisimamisha upya mahali papya. Mikeka yenyewe wameisuka wao kwa mikono. Katika lugha ya gemu, mtu wa namna hiyo angepewa pointi za juu za ustahimilivu na za ufundi, na asingeanza safari akiwa amesimama nyuma ya mtu yeyote. Vivyo hivyo kwa ushairi. Gemu nyingi za fantasia zina daraja la mwimbaji, mtu ambaye maneno yake huwatia wenzake nguvu vitani, na kwa kawaida huchorwa kama mwanamume wa Ulaya ya kale mwenye zeze. Wanawake wa Kisomali wana utanzu wao wa ushairi, buraanbur, unaoimbwa harusini na kwenye mikutano ya kina mama. Utanzu huo husifu, huonya na hudai haki. Ni ajabu kwamba hazina kama hiyo bado haijamzaa mhusika mashuhuri wa gemu.

Suala la mavazi ndilo linalopigiwa kelele zaidi, na kelele hizo zina msingi. Katika miaka ya mwanzo ya World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, deraya ileile iliyomfunika mhusika wa kiume kuanzia shingoni hadi miguuni iligeuka vipande viwili vitatu ikivaliwa na mhusika wa kike. Wazazi wengi wa Garissa wangeikataa picha hiyo kwa sababu ya stara, na wana haki. Kuna hoja nyingine inayosimama bila kutegemea dini wala mila: askari aliyeacha tumbo na mapaja wazi hawezi kuwa alivaa kwa ajili ya vita. Kavishwa kwa ajili ya anayetazama. Vazi hilo linamwambia mchezaji kwamba mwanamke huyu hayumo katika hatari anazokabiliana nazo wenzake, hivyo na ujasiri wake ni wa kuigiza tu. Dark Souls, ya mwaka 2011, ilionyesha kuwa tatizo hili lina dawa nyepesi. Humo chuma ni chuma kwa kila mtu. Guntiino inayofungwa begani, shali iitwayo garbasaar, na shaash, kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa, ni mavazi ya watu wanaotembea mbali kwenye jua kali, na msanii mwenye jicho zuri angepata humo wahusika wa kupendeza bila kumvua mtu nguo.

Hata hivyo mhusika anaweza kuvikwa vizuri na bado asiwe na kazi. Mfano unaotajwa sana ni Final Fantasy VII ya mwaka 1997. Aerith, msichana muuza maua mwenye uwezo wa kuponya, huuawa na adui Sephiroth kabla hadithi haijafika mwisho, na kifo chake huwa kichocheo cha safari ya mwanamume, Cloud. Wachezaji wa dunia nzima walimlilia, na machozi hayo yalikuwa ya kweli. Lakini ni vyema kuona jinsi hadithi ilivyomtumia. Mponyaji anakufa ili mpiganaji apate sababu ya kupigana, na mtindo huo umeigwa mara nyingi na waandishi wasio na ustadi wa wale wa mwanzo.

Miaka 10 kabla ya hapo, njia tofauti ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Phantasy Star, iliyotolewa na kampuni ya Sega mwaka 1987, ina shujaa mkuu mwanamke, Alis Landale. Kaka yake anauawa na askari wa mtawala dhalimu, naye anaondoka nyumbani, anakusanya wenzake, na kuongoza mapambano. Miongoni mwa waliomchora ni Rieko Kodama, mmoja wa wanawake wachache waliofanya kazi hiyo Japani wakati ule, ambaye alifariki mwaka 2022. Katika gemu hiyo kifo cha mwanamume ndicho kinachomsukuma mwanamke. Kugeuza huko kunaonekana kudogo, lakini kulitosha kubadilisha nani anashika usukani wa hadithi.

Gemu za baadaye zilikwenda mbali zaidi kwa kuchunguza maamuzi yenyewe. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, mchezaji anayechagua kuwa msichana wa jamii inayodharauliwa mjini hutekwa siku ya harusi yake na mwana wa mtawala. Akichagua kuwa mvulana, kazi yake ni kwenda kuokoa. Akiwa msichana, lazima ajikomboe mwenyewe kwa upanga anaoletewa na jamaa yake. Tukio ni moja, lakini uzito wake ni tofauti kabisa, na watungaji hawakuliepuka. Gemu hiyohiyo ina Wynne, mwanamke mzee mwenye elimu na ulimi mkali, anayesafiri na kundi kama mlezi na mkosoaji. Wahusika wa kike wenye mvi ni adimu mno katika gemu hizi, na hilo ni pengo kubwa kwa mchezaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambako ayeeyo, yaani bibi, ndiye mwenye hadithi na mara nyingi ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani.

The Witcher 3, iliyotoka Polandi mwaka 2015, inafundisha zaidi kwa njia isiyotarajiwa. Mchezaji humwongoza Geralt, mwindaji wa mazimwi, anayemtafuta Ciri, binti aliyemlea. Hatima ya Ciri mwishoni haiamuliwi na ustadi wa upanga. Inategemea jinsi Geralt alivyomtendea katika nyakati chache ndogo: je, alimwacha aende peke yake kuzungumza na wenye mamlaka, au aliandamana naye kama mlinzi? Alimheshimu alipokasirika, au alimtuliza kama mtoto? Baba aliyemwamini binti yake humpata tena. Aliyemfunika kwa ulinzi kupita kiasi humpoteza. Watungaji walimweka mwanamke huyo nje ya mikono ya mchezaji kwa sehemu kubwa ya gemu, kisha wakafanya uhuru wake kuwa fumbo kuu la hadithi. Mwezi Desemba 2024 kampuni iliyoitunga gemu hiyo ilitangaza kuwa Ciri ndiye atakayekuwa shujaa mkuu wa gemu inayofuata.

Ngano za Wasomali zina maswali hayohayo, na mashuhuri kuliko zote ni ya Araweelo. Huyu alikuwa malkia wa zamani za kale aliyeipindua desturi: wanawake wakatawala, wanaume wakafanya kazi za nyumbani. Husimuliwa kwamba aliwahasi wanaume wa nchi yake ili wasimwasi, na kwamba mzee mmoja mwerevu, Oday Biiqe, alimkwepa na kuwasaidia wengine kwa siri kila malkia alipowatega kwa mafumbo na kazi zisizowezekana. Binti wa malkia alijifungua mtoto wa kiume, akamwomba mama yake amwache hai. Mtoto huyo alikua, akamuua Araweelo.

Yapo matuta ya mawe kaskazini mwa Somalia yanayosemwa kuwa kaburi lake. Desturi inayosimuliwa ni kwamba mwanamume akipita hapo hutupa jiwe, na mwanamke huweka tawi bichi au ua. Ndani ya ngano moja, basi, kuna hukumu mbili, na jamii haikuona haja ya kuchagua moja na kuifuta nyingine. Hapa ngano imeipita gemu. Mtungaji wa gemu angemfanya Araweelo adui wa mwisho mwenye pointi nyingi za uhai, mchezaji amuue, basi. Malenia wa Elden Ring, ya mwaka 2022, ni mfano mzuri: mpiganaji wa kike anayehofiwa kuliko karibu maadui wote wa gemu hiyo, aliyechorwa kwa heshima kubwa, lakini mchezaji hana la kumfanyia ila kupigana naye. Hakuna jiwe wala tawi la kuchagua.

Jina la Araweelo halijabaki kwenye ngano tu. Hadi leo msichana anayebisha au mwanamke anayetaka uongozi huitwa kwa jina hilo, mara kwa dhihaka, mara kwa fahari. Kwa hiyo namna malkia huyu anavyochorwa ina uzito nje ya hadithi. Mwaka 2017 wapiga kura wa Ijara, katika Kaunti ya Garissa, walimchagua Sophia Abdi Noor, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge Kaskazini Mashariki. Watoto wa eneo hili wanakua wakiwa na mifano miwili ya mwanamke mwenye mamlaka, yule wa ngano na huyu wa kura, na ni haki yao kuona wa pili ukiingia katika burudani yao pia.

Dhegdheer ni sura nyingine. Ni zimwi la kike lenye sikio refu linalosikia nyayo za msafiri kutoka mbali, linakimbia kuliko upepo, na kula watu. Makao yake ni bonde la Hargega. Ngano husema kwamba alipokuwa hai nchi ilikauka, na alipokufa mvua ilirudi na majani yakaota. Kwa watu waliopitia misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kati ya 2020 na 2022, hilo haliwezi kuwa pambo tu. Ngano inamtwika mwanamke mmoja asiyezuilika mzigo wa ukame wote. Lakini msimuliaji hodari humpa mpinzani wake pia sura ya kike. Katika toleo lililosimuliwa upya na Marian Hassan na kuchapishwa Minnesota, Marekani, mwaka 2007, kwa Kisomali na Kiingereza, anayemkimbia Dhegdheer ni mjane akiwa na mwanawe mdogo. Mama huyo hana upanga wala deraya, naye ndiye anayebeba hadithi. Ngano za Araweelo na Dhegdheer zilikuwa zimekwisha kuchapishwa Nairobi mwaka 1954 katika kitabu cha Margaret Laurence cha mashairi na hadithi za Kisomali, kwa hiyo anayetaka kuzitumia hana haja ya kuanza patupu.

Mhusika wa tatu hatajwi kwa jina, na pengine ndiye bora. Mtawala Wiil Waal aliwaagiza watu wake wamletee sehemu ya kondoo inayoweza kuwagawanya watu au kuwaunganisha. Wanaume walileta minofu na mapaja. Mtu mmoja maskini alishauriwa na binti yake apeleke koromeo, njia ya chakula, kwa sababu ulafi hutenganisha watu na kugawana huwaunganisha. Mtawala alitambua kwamba jibu hilo halikutoka kwa yule baba, akauliza hadi akamjua msichana. Hii ni gemu iliyokamilika: kuna fumbo, kuna hatari, kuna jibu lisilohitaji damu, na hakuna silaha iliyoinuliwa. Watungaji wanaodai kwamba mwanamke hawezi kuwa shujaa wa fantasia bila kumfanya mwanamume mwenye nywele ndefu wangeisoma ngano hii kwa makini.

Upande wa kusini, Mto Tana unaopita Garissa huteremka hadi baharini karibu na Kipini, ambako masimulizi ya Waswahili huweka kaburi la Fumo Liyongo. Shujaa huyo aliyefungwa minyororo aliokolewa na Saada, kijakazi aliyempelekea mkate uliofichwa tupa ndani. Utenzi unaosimulia kisa hicho ni wa Liyongo. Saada hupata beti chache, ingawa bila ujasiri wake kwenye lango la gereza hadithi ingekwisha hapo.

Afrika nayo imeanza kutunga gemu zake. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu ambayo shujaa wake ni msichana wa Kiafrika anayetafuta vitu vya kale. Miaka miwili baadaye, yeye na Mghana Eyram Tawia walianzisha kampuni ya Leti Arts, yenye ofisi Accra na Nairobi. Gemu ya fantasia iliyo karibu zaidi na mada hii ni Aurion: Legacy of the Kori-Odan ya kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni, iliyotoka mwaka 2016. Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa na kuoa, na mkewe Erine anafuatana naye uhamishoni kutafuta nguvu za mababu ili warudishe kiti. Ndoa inaonyeshwa hapo kama ushirika wa watu wazima wanaoshauriana, jambo ambalo gemu nyingi za nje hazijui kulifanya, kwani kwao mapenzi huishia pale ndoa inapoanza. Hata hivyo mikono ya mchezaji hubaki kwa Enzo zaidi, na Erine humsaidia. Hatua moja ilibaki: kumpa Erine usukani.

Kuhusu nani anacheza, uchumi unaamua mengi. Katika miji ya Kenya, Garissa ikiwemo, vibanda vya PlayStation huishi kwa mpira wa miguu. Mteja hulipia mechi au dakika, na gemu inayohitaji saa 50 kumalizika haiingii katika hesabu hiyo. Vibanda hivyo ni vya wavulana. Gemu ya kuigiza mhusika, kwa hiyo, huchezwa zaidi nyumbani, kwenye simu, na hapo ndipo msichana anapoipata. Inayojulikana sana ni Genshin Impact ya kampuni ya Kichina miHoYo, iliyotoka mwaka 2020 na inayopakuliwa bure. Wahusika wake wengi ni wa kike, wenye uwezo mkubwa na hadithi ndefu. Kasoro iko kwenye namna ya kuwapata: mchezaji hutumia vito, vinavyoweza kununuliwa kwa pesa, kujaribu bahati yake hadi mhusika anayemtaka atokee. Mwanamke shujaa anageuzwa zawadi ya bahati nasibu. Katika mji ambao kamari ni haramu kwa walio wengi, mzazi anayekagua simu ya mtoto afaa alitazame hilo kabla ya urefu wa sketi.

Mtu anayetaka kutunga gemu ya Kaskazini Mashariki ana kisa cha kweli cha kuanzia. Mapema miaka ya 1990 Wajir ilikumbwa na mapigano ya koo. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, na wanawake wenzake walianzia sokoni: walisimamia kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua pale bila kushambuliwa. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, kisha vijana, kisha wafanyabiashara na maafisa wa serikali, hadi mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Mpangilio wa kazi hiyo unaingia katika gemu bila kulazimishwa. Kila kundi lina hofu yake na masharti yake. Neno lililomtuliza mfanyabiashara humkasirisha mzee. Siri iliyovuja sokoni hufunga mlango wa baraza. Tarakimu za haiba na hekima, ambazo gemu nyingi huziacha zikae bure huku nguvu ikifanya kazi yote, zingekuwa ndizo silaha. Adui wa mwisho asingekuwa mtu wa kuuawa. Angekuwa makubaliano yanayoweza kuvunjika usiku mmoja kwa ng'ombe walioibwa.

Zana zipo. Godot, programu ya kutungia gemu, hutolewa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, na gemu ya maandishi na picha tulivu inatosha kwa kisa cha mazungumzo. Kinachohitajika zaidi ni masimulizi yarekodiwe kutoka kwa kina ayeeyo wenyewe, kwa Kisomali chao, tofauti zake zote zikihifadhiwa, kisha wasichana wapewe nafasi ya kuandika na si kuchora tu. Toleo la Araweelo atakalolisimulia mwanamke wa Mandera halitafanana na la mwanamume wa Garissa, na gemu, kwa kuwa humruhusu mchezaji arudi nyuma na kuchagua upya, inaweza kuyabeba yote mawili.